Niliacha uhasibu ili niuze masomo mtandaoni, sasa bosi wa zamani ananiita

BARUA

Yaya,

Nakusalimu kwa heshima kama mkubwa wangu. Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Kampemba, hapa Lubumbashi. Nilisomea uchumi UNILU, chuo kikuu cha hapa, kisha nikafanya kazi ya uhasibu kwa zaidi ya miaka kumi katika kampuni inayohudumia migodi. Mshahara ulikuja kwa dola na haukuchelewa. Lakini kila mwisho wa mwezi nilikuwa kwenye barabara ya Kolwezi, mji wa migodi, na mtoto wangu mdogo akaanza kumwita bibi yake mama. Mwaka jana niliandika barua ya kuacha kazi, nikatumikia preavisi yangu yote, yaani muda wa notisi, nikachukua hesabu yangu ya mwisho, tukaachana kwa amani.

Nia yangu ilikuwa kuuza ujuzi wangu mtandaoni. Pesa niliyotoka nayo nilinunulia kompyuta, taa, maikrofoni, betri na inverta, maana umeme wa SNEL huku kwetu unajulikana. Nikarekodi kozi ya video ya SYSCOHADA, ule mfumo wa uhasibu wa nchi yetu, masomo karibu arobaini kwa Kifaransa kizuri, pamoja na mafaili ya Excel ya mpango mzima wa akaunti, kuanzia jarida hadi bilansi (mizania). Mifano mingi niliitoa katika kazi niliyoifanya Kolwezi. Nikaiweka kozi kwenye tovuti moja ya nje inayouza masomo, kwa dola 60, malipo kwa kadi ya benki.

Walionunua hawafiki kumi, na karibu wote ni Wakongo walioko Ulaya au Kinshasa. Pesa yenyewe bado imekaa huko, kwa kuwa tovuti hiyo hailipi kwenye simu wala kwenye benki yangu ya hapa.

Wakati huohuo simu yangu hailali. Mama anayeuza vitenge Marché Mzee ananitumia ujumbe wa sauti saa nne usiku: anauza kila siku, kwa nini pesa ya kurudi kununua mzigo Kasumbalesa, mpakani na Zambia, haitoshi? Kijana mwenye duka la vifaa vya ujenzi Katuba anataka kujua amwambie nini mtu wa kodi. Mwingine anafuga kuku na hajui kama anapata au anapoteza. Ninawajibu wote. Kila mtu ananiuliza, hakuna anayenunua. Wananiambia Mungu akubariki, na kesho wanarudi na swali lingine.

Mume wangu ni mwalimu wa sekondari. Hajawahi kunikemea, lakini juzi aliniuliza ada ya shule ya muhula ujao itatoka wapi, nami sikuwa na jibu. Mama mkwe anasema waziwazi kwamba mwenye diploma hakai nyumbani kuongea na simu. Hata likelemba yetu, ule mchango wa kupeana kwa zamu, nimeiangusha, maana nimekosa kuchangia.

Sasa bosi wangu wa zamani amenipigia. Mhasibu aliyechukua nafasi yangu ameondoka na mwisho wa mwaka unakaribia. Anataka nirudi kama zamani, Kolwezi ikiwemo, na anataka jibu kabla ya Noeli. Nikirudi, nitakuwa nimewapa haki wote waliosema nimepotea. Nisiporudi, sijui Januari tutakula nini. Je, nimeshindwa, Yaya? Nifunge biashara?

Mhasibu wa Kampemba

JIBU

Mdogo wangu,

Katika barua yako yote nimeshikwa na maneno haya: kila mtu ananiuliza, hakuna anayenunua. Wewe unayasoma kama aibu. Mimi nayasoma kama habari njema iliyokaa mahali pabaya. Wapo watu wengi mjini humu wanaoanzisha biashara ya mtandaoni na hakuna hata mmoja anayewauliza kitu. Wewe watu wanakuamsha usiku. Shida ni kwamba ulichokiweka sokoni sicho wanachokuamshia.

Tazama ulichotengeneza. Ni kozi ya mfumo mzima wa uhasibu, kwa Kifaransa, ya kutazamwa kwenye kompyuta, yenye mifano ya kampuni ya migodi, inayolipiwa kwa Visa. Mtu anayeweza kuitumia kozi hiyo ni mhasibu mwenzako au mwanafunzi wa UNILU. Mhasibu mwenzako anaijua tayari, na mwanafunzi hana dola 60. Mama wa vitenge hayumo popote katika kozi hiyo. Ana simu, ana pesa kwenye M-Pesa au Airtel Money, ana mega za intaneti za kuhesabu, na swali lake anakuuliza kwa Kiswahili.

Sasa turudi kwenye ujuzi wako, kwa sababu humo ndimo kuna mali. Wewe unajua kuliko mimi kwamba Kongo iliingia OHADA, ule umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, Septemba 2012, na kwamba sheria mpya ya uhasibu ya OHADA, iliyopitishwa Januari 2017, ilianza kutumika mwaka 2018. Katika sheria hiyo mna mfumo mdogo wa hazina, ule mnaouita SMT, uliowekwa kwa ajili ya wadogo: mfanyabiashara anayeuza chini ya faranga za CFA milioni 60 kwa mwaka au kiasi kinacholingana nacho kwa pesa ya nchi yake, fundi chini ya milioni 40, mtoa huduma chini ya milioni 30. Milioni 60 za CFA ni kama euro 91,000. Karibu watu wote wanaokutumia sauti wamo ndani ya mipaka hiyo, na unayemwona amevuka mipaka ndiye wa kumpeleka kwa mtaalamu. Kwa hao wadogo sheria inataka kitu chepesi: pesa iliyoingia, pesa iliyotoka, na mwisho wa mwaka mali iliyobaki dukani, wanaokudai na unaowadai. Basi. Wewe umewarekodia masomo arobaini wakati sheria yenyewe inawaomba daftari moja linalotunzwa vizuri.

Daftari hilo ndilo bidhaa yako, na nitakuambia kwa nini ninaamini litauzwa.

Fikiria tena swali la mama wa vitenge. Anavuka Kasumbalesa, analipa mzigo kwa dola au kwa kwacha, analipa gari na ushuru, anarudi kuuza kwa faranga, kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa. Kila jioni anahesabu faranga na anaona zimezidi alizotoa. Siku ya kurudi mpakani anakwenda kwa mbadilisha pesa na zile faranga zinampa dola pungufu kuliko alizoanza nazo. Amekula mtaji wake akidhani ni faida. Mtu mwingine atamwambia amerogwa, au kwamba binti anayemsaidia dukani anaiba, na nyumba ngapi zimevunjika kwa tuhuma ya namna hiyo! Kumbe kilichokosekana ni safu moja tu kwenye ukurasa: bei ya dola ya siku aliyonunua mzigo na bei ya dola ya siku anayouza. Akiwa na safu hiyo atajua leo, akiwa bado anauza, kwamba bei ya kitenge lazima ipande kabla ya kukimaliza. Hilo ni jambo ambalo mhasibu wa Lubumbashi analijua kwa mwili wake, maana amelipwa kwa dola na akanunua unga kwa faranga maisha yake yote. Kozi iliyorekodiwa Paris haiwezi kumpa.

Kuna ugumu mmoja hapo ambao wewe utautatua vizuri kuliko yeyote. OHADA inataka vitabu viandikwe kwa lugha rasmi ya nchi na kwa pesa halali ya nchi, maana yake kwetu ni Kifaransa na faranga za Kongo. Mfanyabiashara wetu anafikiri kwa Kiswahili na kwa dola. Kwa hiyo vichwa vya kurasa viwe vya Kifaransa, jumla iwe ya faranga, ili siku mtu wa kodi akiketi naye daftari lisimame. Kando ya kila kichwa weka maelezo mafupi kwa Kiswahili, na safu ya dola iwe ya kumsaidia mwenyewe kuamua. Usiandike Kiswahili cha vitabuni mno. Andika kama unavyomjibu kwenye simu.

Lichapishe kwenye karatasi. Najua moyo wako uko mtandaoni, na mtandaoni ndiko utakakouzia, lakini simu ya mama inapasuka kioo na daftari haliishi chaji. Pamoja na karatasi, mnunuzi apate sauti fupi, kila ukurasa na sauti yake, dakika mbili au tatu, ukitumia WhatsApp ileile wanayokutafutia. Sauti hailambi mega kama video. Faili la Excel libaki kwa wale wachache wenye kompyuta, kama kijana wa Katuba.

Lakini kabla ya kulipeleka kwa mchapaji, liuze. Hapa nakuomba unisikilize sana, kwa sababu mara ya kwanza ulitumia pesa yako yote ya kutokea kazini kabla mtu hata mmoja hajalipa. Rudi kwenye simu yako, usikilize tena sauti za miezi hii, uandike maswali yaliyojirudia. Kisha waite watu wanane au kumi kati ya waliouliza, Jumamosi moja, sebuleni kwako au kwenye darasa ambalo mumeo anaweza kuliombea ruhusa. Kiti kinalipiwa kabla, dola tano au faranga zinazolingana, kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Waje na hesabu zao halisi, hata kama zimeandikwa kwenye karatasi ya mkate. Mfanye daftari pamoja kwa kurasa ulizotoa fotokopi tu. Utaona wanakwama wapi, na hapo ndipo utakapojua kurasa ngapi zinatosha na sauti zipi za kurekodi. Wasipokuja wakilipa dola tano, hawatalipa kumi kwa daftari, na utakuwa umepoteza fotokopi.

Wale ndugu na majirani wanaouliza bure, usiwafungie mlango na usiwatukane. Swali moja la salamu lijibu. La pili mwambie: mama, hilo linahitaji tukae na karatasi zako, njoo Jumamosi, kiti ni kiasi fulani. Atakayenuna alikuwa hatalipa. Atakayekuja ataleta mwenzake wa kibanda cha jirani, kwa kuwa sokoni habari ya mtu aliyegundua pesa yake inakopotelea haikai siku mbili.

Kuhusu malipo, hama kwenye ile tovuti. Kampuni kubwa za malipo za nje, Stripe kwa mfano, hazifungui akaunti kwa biashara iliyosajiliwa Kongo, na wewe huna sababu ya kuhangaika nazo wakati wateja wako wote wana pesa kwenye simu. Waandikie wenye tovuti uwaombe njia ya kutoa pesa yako. Kama ndugu wa kuaminika aliye Ulaya anaweza kuipokea kihalali kwa jina lake na kuituma, ifuate, kisha funga ukurasa huo. Nunua laini nyingine ya simu kwa ajili ya biashara tu. Pesa ya daftari na pesa ya bukari, yaani ya chakula cha nyumbani, zisikutane kwenye namba moja. Unawafundisha wengine jambo hili, wakuone ukilifanya.

Utaogopa kunakiliwa. Watakunakili. Sheria ya haki za watunzi ya mwaka 1986 inakulinda kwenye karatasi, ila sikushauri umalize nguvu zako mahakamani kwa daftari la dola kumi. Andika jina la mnunuzi kwenye ukurasa wa kwanza, na weka thamani mahali pasipopigika fotokopi: yaani kundi la walionunua, ambamo kila mwisho wa mwezi unajibu maswali yao na kuwakumbusha tarehe za kodi. Mwaka unaofuata wanalipa tena kidogo kubaki humo. Mapato ya namna hiyo, yanayorudi, ndiyo yatakayolipa ada ya shule, na sitegemei yafike kiasi hicho kabla ya mwaka kupita.

Nina maonyo mawili ya kazi yako, na usiyapuuze. Umesema mifano yako ulitoa Kolwezi. Ifute leo. Hata bila jina la kampuni, namba za mwajiri wako wa zamani si zako, na mtu wa migodi atazitambua. Tunga duka la kufikirika. Onyo la pili ni la Ordre, ile ya wataalamu wa uhasibu iliyoundwa kwa sheria ya Februari 2015. Kufundisha mtu atunze daftari lake mwenyewe ni kazi yako halali. Kuanza kuwatunzia watu hesabu kwa jina lako kama kazi huru, au kuwasainia bilansi, ni eneo la walioandikishwa. Wateja wataomba hivyo, tena kwa pesa nzuri. Kama unaitaka njia hiyo, nenda ukaulize Ordre masharti yake na uifuate kwa mlango wa mbele.

Wewe pia jiandikishe. OHADA ina hadhi ya entreprenant, mtu binafsi anayefanya biashara ndogo kwa kutoa tamko tu, na sheria inasema tamko hilo ni bure. Pita Guichet Unique ya hapa Lubumbashi, ofisi ya kuandikisha biashara, uulize. Faida yake kubwa kwako ni kwamba ukimwambia kijana wa Katuba atoke kivulini, utakuwa na karatasi yako ya kumwonyesha.

Nimechelewa kufika kwa bosi wako makusudi, kwa kuwa ukiwaza kazi hiyo kabla ya kuona biashara yako inaweza kuwa nini, utarudi kama mtu aliyekimbia. Mimi nasema mkubalie sehemu. Mwaka wa hesabu wa OHADA unafungwa tarehe 31 Desemba, na hesabu za mwaka lazima ziwe zimekamilika ndani ya miezi minne. Kwa hiyo anachohitaji hasa ni mkono wako kuanzia Januari hadi mwisho wa Aprili. Huo ndio wakati wako pia wa kukosa pesa. Mpe miezi hiyo kwa mkataba wa muda maalumu, siku tatu kwa wiki, hapa Lubumbashi. Ukiwa mfanyakazi wake wa mkataba hugusi suala la Ordre hata kidogo, michango yako ya CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, inaendelea, na siku mbili zinazobaki pamoja na Jumamosi ni za daftari. Ana haraka kuliko wewe. Usisahau hilo mkiwa mezani.

Hujashindwa, mdogo wangu. Mama mkwe ataona unatoka asubuhi na begi na atanyamaza kwa muda. Mumeo ni mwingine. Huyo usimwache akae na swali lake peke yake. Keti naye kabla ya kumjibu bosi, mfungulie vitabu vya biashara yako kama ambavyo ungefungua vya mteja: kilichotoka, kilichoingia, kilichokwama nje, na kiasi cha mshahara wa miezi minne. Mkubaliane ada ya shule inatengwa kwanza, likelemba inafuata, na ni kiasi gani cha mwisho kinaweza kwenda kwa mchapaji. Mwambie pia mtaangalia nini ifikapo Mei: watu wasio ndugu wala marafiki waliolipa, na kati yao wangapi wamelipa mara ya pili. Sifa na dua usizihesabu. Kama waliorudi ni wachache mno, tafuta kazi nyingine ya uhasibu mjini humu, daftari libaki la Jumamosi. Kama wanarudi, punguza siku za kazi polepole.

Bosi umjibu kwa barua, simu haitoshi. Taja miezi, taja siku, taja kwamba safari za Kolwezi hazimo, na uombe mkataba uandike wazi kuwa una haki ya kuendelea kuuza daftari lako nje ya saa za kazi. Kwenye mshahara mnaweza kujadiliana. Akigoma kwenye Kolwezi au kwenye daftari, usisaini.

Yaya